Skrini Pana Zilitoka Wapi? Historia Fupi kwa Anayetaka Kununua Monita ya Gemu



Kwa kuwa kazi yangu ni kuandika programu, watu hudhani najua kila kitu chenye waya. Ndiyo maana swali ninaloulizwa zaidi na vijana wanaocheza gemu kwenye kompyuta si la programu hata kidogo. Ni hili: "Kaka, ninunue monita pana ya inchi ngapi?" Wengine huniambia na pesa walizonazo, na mara nyingi hiyo ni akiba ya miezi mingi.

Ningeweza kuwatajia modeli moja tukamaliza maneno. Lakini modeli haikai dukani muda mrefu, na ikiondoka jibu langu linaondoka nayo. Leo basi nitajibu kwa njia ndefu. Nitawaeleza skrini pana zilitoka wapi, nani aliyeamua umbo lake, na kwa sababu gani. Ukishayajua hayo, namba iliyobandikwa kwenye sanduku haitakudanganya kirahisi.

Nitasema msimamo wangu mapema ili anayetaka kunipinga ajiandae: umbo la skrini pana halikuamuliwa kwa ajili ya mchezaji wa gemu. Liliamuliwa na watu wa sinema, wakafuata watu wa televisheni, kisha wenye viwanda vya vioo. Mchezaji alikuta chakula kimeshapakuliwa.

Mambo yalianza kwenye sinema

Kabla hatujaenda mbali tukubaliane neno moja: uwiano. Skrini ikiitwa 4:3, maana yake ni kwamba upana wake ukigawanywa sehemu nne, urefu wake wa kwenda juu ni sehemu tatu kama hizo. Skrini ya 16:9 ina sehemu 16 za upana kwa 9 za kwenda juu. Hilo tu.

Mwanzoni mwa miaka ya 1890, huko Marekani, William Kennedy Laurie Dickson aliyekuwa akifanya kazi kwa Thomas Edison alichukua ukanda wa filamu wa milimita 35 na kuamua kwamba kila picha ichukue matundu manne ya pembeni. Picha ikatoka na umbo la 4:3. Sinema ziliendelea karibu na umbo hilo kwa miongo mingi. Televisheni ilipokuja, ikarithi umbo hilo hilo, kwani sinema ndiyo picha inayotembea ambayo watu walikuwa wameizoea.

Miaka ya 1950 kukatokea vita vya kibiashara. Wamarekani walianza kukaa nyumbani kutazama televisheni, na viti vya sinema vikabaki vitupu. Wenye sinema wakajiuliza: tumpe nini mtu huyu ambacho hakipati sebuleni kwake? Wakampa upana. Mwaka 1952 ilizinduliwa Cinerama, iliyotumia mitambo mitatu ya kurusha picha kwa pamoja kwenye pazia moja kubwa lililopinda. Mwaka 1953 ikatoka filamu ya The Robe, ya kwanza kuonyeshwa kwa CinemaScope. Mfumo huu ulitumia lenzi inayobana picha pana ikaingia kwenye ukanda wa kawaida, kisha lenzi nyingine ikaitanua tena wakati wa kuonyesha. Wazo hilo la lenzi lilitokana na kazi ya Mfaransa Henri Chrétien ya miaka ya 1920.

Kwa hiyo skrini pana ilizaliwa kama silaha ya kibiashara dhidi ya televisheni. Tulikumbuke hilo, kwa sababu kuna mzaha mtamu unakuja: televisheni yenyewe baadaye ikawa pana.

16:9 ilitoka wapi?

Shirika la utangazaji la Japani, NHK, lilianza utafiti wa televisheni ya picha safi mwaka 1964, mwaka wa Olimpiki ya Tokyo. Mwanzoni Wajapani walikuwa na uwiano wa 5:3. Lakini miaka ya 1980, wahandisi wa Marekani walipokuwa wakijadili viwango vya televisheni hiyo mpya, Kerns Powers, mtafiti wa RCA, alifanya jambo rahisi. Alikata mistatili kwa kufuata viwiano vyote vilivyotumika wakati huo, kuanzia 4:3 ya televisheni hadi 2.35 ya sinema pana, yote ikiwa na eneo sawa, kisha akailaza moja juu ya nyingine katikati. Mstatili wa nje uliofunika yote, na mstatili wa ndani uliobaki kwa yote, vilikuwa na uwiano unaokaribiana sana: kama 1.77 kwa 1. Hiyo ndiyo 16:9.

Kwa lugha ya hesabu, 16:9 iko katikati ya 4:3 na sinema pana. Zidisha 4:3 kwa 4:3 utapata 16:9. Zidisha tena kwa 4:3 utapata 64:27, yaani kama 2.37, ambayo ndiyo umbo halisi la televisheni ambazo wauzaji waliziita 21:9. Tutakutana nayo tena huko mbele.

Tazama basi: 16:9 ilikuwa maafikiano. Ilichaguliwa ili filamu za aina zote zionekane bila kupoteza sehemu kubwa kwa mikanda myeusi. Haikuchaguliwa kwa sababu jicho linaipenda, wala kwa sababu mtu alifikiria askari wa kwenye gemu anayechungulia kona.

Kompyuta nayo ilikuwa wapi?

Kompyuta zilikuwa na njia yao. Xerox Alto ya mwaka 1973 ilikuwa na skrini iliyosimama wima kama karatasi ya barua: pikseli 606 kwa upana na 808 kwenda juu. Waliobuni mashine ile walifikiria ofisi, na ofisi ilikuwa karatasi.

Wazo hilo halikushinda. Kompyuta za bei nafuu zilitumia mirija ya kioo ya aina ile ile ya televisheni, kwa sababu tayari ilitengenezwa kwa wingi, na mirija hiyo ilikuwa 4:3. Mwaka 1987 IBM ilileta VGA yenye pikseli 640 kwa 480. Zikafuata 800 kwa 600 na 1024 kwa 768. Zote ukizigawanya unapata 4:3.

Hapa kuna kituko kidogo kwa wapenzi wa gemu za zamani. Doom ya mwaka 1993 ilichorwa kwa pikseli 320 kwa 200. Gawanya, utapata 16:10. Je, Doom ilikuwa gemu ya skrini pana? La hasha. Picha hiyo ilitandazwa kwenye skrini ya 4:3, kwa hiyo kila pikseli ilikuwa ndefu kwenda juu kuliko upana wake. Ukiona leo mtu anaicheza na mazimwi yote yamekuwa mafupi na manene, ujue anaicheza kwa pikseli za mraba, kinyume na walivyokusudia waliochora.

Skrini bapa za LCD zilipoanza kushika soko, zile za inchi 17 na 19 zilikuja na pikseli 1280 kwa 1024, yaani 5:4, karibu na mraba kuliko hata 4:3. Wengi wetu ndizo tulizozikuta maofisini, shuleni na kwenye saiba. Umbo lake ulikumbuke, tutalipima sasa hivi.

Waliotangulia

Kuna waliocheza kwenye upana mapema sana. Katikati ya miaka ya 1990, John Carmack, mwandishi wa programu wa id Software, alitumia monita ya Intergraph ya inchi 28, yenye uwiano wa 16:9 na pikseli 1920 kwa 1080, wakati wa kutengeneza Quake iliyotoka mwaka 1996. Ilikuwa skrini ya mirija yenye chogo kubwa nyuma, na uzito wake ulikuwa kama kilo 45. Hebu fikiria: pikseli zile zile ambazo mchezaji wa kawaida alizipata miaka zaidi ya kumi baadaye, huyu alikuwa nazo mezani, lakini kuibeba ni kazi ya watu wawili.

Mwaka 1998 kampuni ya SGI ilitoa skrini bapa ya 1600SW, inchi 17.3, pikseli 1600 kwa 1024. Mwaka 1999 Apple ikatoa Cinema Display ya inchi 22 kwa dola 3,999. Hizi zilikuwa za wachoraji na wahariri wa filamu. Mtu wa kawaida alizitazama magazetini tu.

Zilizofika kwa watu wa kawaida ni za 16:10. Katikati ya miaka ya 2000 zilienea monita za inchi 20 na 22 zenye pikseli 1680 kwa 1050, na za inchi 24 zenye 1920 kwa 1200. Dell, kwa mfano, iliuza 2405FPW ya inchi 24 kuanzia mwaka 2005. Kwetu sisi waandishi wa programu zilikuwa neema: faili mbili zinakaa ubavu kwa ubavu, na kwenda juu kuna nafasi ya kutosha.

Kisha neema ikapunguzwa. Kati ya mwaka 2008 na 2010 hivi, viwanda vilihama kutoka 16:10 kwenda 16:9. Sababu ilikuwa ya kiwandani. Kioo cha LCD hutengenezwa kwa bamba kubwa kisha hukatwa vipande. Kwa inchi zile zile, kipande cha 16:9 kina eneo dogo zaidi, kwa hiyo bamba moja linaweza kutoa vipande vingi. Tena televisheni zilikuwa zimeshakuwa 16:9, na kuwa na umbo moja kwa bidhaa zote ni nafuu. Monita za pikseli 1920 kwa 1200 zikaanza kutoweka, zikaja za 1920 kwa 1080. Mistari 120 ya pikseli iliondolewa, asilimia 10, na sanduku bado likaandikwa "inchi 24". Kwa anayesoma msimbo, hiyo ni kama mistari sita au saba ya programu iliyofichwa chini ya skrini.

Hesabu ya inchi

Hapa ndipo pesa za watu hupotelea, kwa hiyo tutulie kidogo.

Inchi za monita hupimwa kutoka kona moja hadi kona ya pili iliyo mkabala, kwa mshazari. Kipimo hicho hakikwambii eneo. Vioo viwili vinaweza kuwa na inchi sawa na eneo tofauti kabisa. Kadiri kioo kinavyozidi kuwa chembamba na kirefu kwa upana, ndivyo eneo linavyopungua kwa inchi zile zile.

Chukua ile LCD ya zamani ya inchi 19 ya 5:4. Urefu wake wa kwenda juu ni sentimita 30 hivi. Sasa chukua monita pana ya 16:9 ya inchi 19 hizo hizo. Urefu wake ni sentimita 23.7 tu, na eneo lake lote ni dogo kwa asilimia 12 hivi. Mtu aliyeuza ya zamani akanunua hii akidhani amepanda daraja, ameshuka. Ili apate urefu ule ule wa kwenda juu, anahitaji 16:9 ya inchi 24, yenye urefu wa sentimita 29.9. Inchi tano zaidi, ili abaki palepale kwa wima na aongezewe upana.

Endelea na hesabu hiyo hadi kwa hizi za siku za karibuni. Monita ya 21:9 ya inchi 29 ina urefu sawa na ya 16:9 ya inchi 23. Ile ya inchi 34 ina urefu karibu sawa na ya inchi 27. Na ile ndefu kama benchi, 32:9 ya inchi 49, nayo ina urefu wa inchi 27: ni kama monita mbili za inchi 27 zilizounganishwa bila ukingo katikati, na upana wake unakaribia sentimita 120. Usiende dukani kabla ya kupima meza.

Kanuni yangu basi ni hii: linganisha urefu wa kwenda juu kwanza, upana baadaye. Upana ni ziada tu pale ambapo urefu haukupungua.

Sasa tuingie ndani ya gemu

Mpaka hapa tumezungumzia kioo. Lakini kioo kipana hakikuonyeshi zaidi chenyewe. Anayeamua uone nini ni mwandishi wa gemu, na niwaibie siri ya kazi: uamuzi huo mara nyingi ni mstari mmoja au miwili ya msimbo.

Gemu ya kumtazama adui kwa macho ya mhusika huchora dunia kana kwamba kuna kamera. Kamera ina pembe ya kuona ya mlalo na pembe ya kuona ya wima. Tuseme kwenye skrini ya 4:3 pembe ya mlalo ni digrii 90, kama ilivyokuwa kwenye Quake. Ukifanya hesabu, pembe ya wima inakuwa digrii 73.7. Sasa mchezaji analeta skrini ya 16:9. Mwandishi ana njia mbili.

Njia ya kwanza: ashikilie pembe ya wima palepale, aongeze ya mlalo. Mlalo unapanda kutoka digrii 90 hadi 106. Mchezaji anaona yote aliyokuwa akiona, na ziada kushoto na kulia.

Njia ya pili: ashikilie pembe ya mlalo kwenye digrii 90. Wima unashuka kutoka 73.7 hadi 58.7. Hapo skrini pana haijakuongezea kitu. Imekata juu na chini, ikakuza kilichobaki. Umelipa zaidi ili uone kidogo.

Jambo hili lililipuka hadharani Agosti 2007 ilipotoka BioShock. Wachezaji walilinganisha picha za 4:3 na za skrini pana, wakakuta wenye skrini pana wanaona kidogo zaidi kwa wima huku upana ukiwa ule ule. Malalamiko yakawa mengi. Watengenezaji walijitetea kwamba gemu ilibuniwa kwa skrini pana, na kwamba wenye 4:3 ndio walioongezewa juu na chini. Utetezi huo una mantiki yake, lakini haukumliwaza aliyetoka kununua monita mpya. Mwishoni mwa mwaka huo ikatolewa nyongeza ya programu iliyompa mchezaji uwezo wa kuchagua.

Je, ni haki?

Kwa gemu ya mtu mmoja, BioShock ikiwa mojawapo, hayo ni mambo ya ladha. Kwa gemu ya kushindana ni suala la haki, na hapa ndipo historia hii inaponigusa kweli. Mimi na wewe tukicheza, wewe ukiwa na skrini ya bei kubwa inayokuonyesha digrii 16 zaidi, unaniona nikija kabla mimi sijakuona. Je, umenishinda kwa ustadi au kwa pochi?

Watengenezaji wamejibu swali hilo kwa njia tofauti. Overwatch ilipotoka mwaka 2016, wenye skrini za 21:9 waliruhusiwa kujaza skrini, lakini picha ilikatwa juu na chini, wasipate faida dhidi ya wenye 16:9. Matokeo yake mwenye monita ghali aliona kidogo kuliko mwenye monita ya kawaida, na wengi waliamua kucheza na mikanda myeusi pembeni. Mwaka 2019 Blizzard ilibadilisha, skrini za 21:9 zikaonyesha zaidi kwa upana.

Na Counter-Strike je? Hapa ndipo penye kichekesho kikubwa. Katika CS:GO, aliyecheza kwa 16:9 aliona digrii 106 na aliyecheza kwa 4:3 aliona 90. Ungetarajia mabingwa wote wachague 16:9. Lakini wengi wao, kwenye mashindano yenye zawadi kubwa, walichagua pikseli 1280 kwa 960, ambazo ni 4:3, kisha wakazivuta zijaze skrini pana. Wakaacha kwa hiari yao digrii 16 za kuona. Kwa nini? Picha ikivutwa, adui anaonekana mnene zaidi kwa theluthi moja. Pikseli chache humaanisha picha nyingi zaidi kwa sekunde. Na kuna mazoea: walikulia kwenye Counter-Strike ya zamani na skrini za 4:3, na mkono uliozoea si rahisi kuufundisha upya.

Yaani umbo aliloliamua Dickson miaka ya 1890 lilikuwa bado likitumiwa kushinda mataji baada ya mwaka 2010, ndani ya skrini pana ya 16:9. Kijana anayedhani atapigwa kwa sababu hana 21:9 nampa mfano huo kila mara.

Kasi: kitu kilichopotea kikarudi

Kuna jambo jingine ambalo upana ulilificha. Skrini za zamani zenye chogo zilichora picha mara 75, 85 hata 100 kwa sekunde, na kitu kikienda mbio kilibaki na kingo safi. LCD pana za mwanzo zilikuwa za mara 60 kwa sekunde, na mwendo uliacha ukungu. Ndiyo sababu wachezaji wengi wa mashindano walichelewa kuziaga skrini za chogo, hata kama meza zao zililia kwa uzito.

Mwaka 2009 ilitoka Samsung 2233RZ, inchi 22, pikseli 1680 kwa 1050, ikichora mara 120 kwa sekunde. Baadaye zikaenea za 144. Kwa hesabu, kwenye 60 Hz picha mpya huja kila milisekunde 16.7. Kwenye 144 Hz huja kila milisekunde 6.9. Tofauti hiyo huisikia mkononi anayelenga shabaha kuliko anavyousikia upana.

Upana wa kupita kiasi

Mwaka 2009 Philips ilitoa televisheni ya 21:9 ya inchi 56 kwa wapenzi wa filamu. Haikudumu sokoni. Lakini umbo lile likahamia kwenye monita: LG 29EA93 ilitoka mwaka 2012 ikiwa na pikseli 2560 kwa 1080, na kufikia mwaka 2014 zilikuwepo za inchi 34 zenye 3440 kwa 1440. Mwaka 2017 Samsung ikaleta CHG90, inchi 49, 32:9, pikseli 3840 kwa 1080.

Kwa gemu za magari na ndege hizi ni tamu sana. Gemu ikifuata njia ya kwanza niliyoeleza, 21:9 ya televisheni hukupa digrii 121 za mlalo na 32:9 hukupa kama 139. Lakini kuna hila ya hesabu hapa pia. Kamera ya kompyuta huchora kwenye ubao ulionyooka, na pembe ikizidi kupanuka, vitu vya pembeni huvutwa na kunenepa. Digrii za mwisho huoni adui vizuri, unaona doa refu linalopita.

Na kuna bili ya kulipa. Kadi ya michoro hulipia kila pikseli. Zidisha mwenyewe: 1920 kwa 1080 ni pikseli 2,073,600. 2560 kwa 1440 ni 3,686,400. 3440 kwa 1440 ni 4,953,600. 3840 kwa 2160 ni 8,294,400. Anayehama kutoka ya kwanza hadi ya tatu ameiongezea kadi yake kazi mara 2.4. Monita imenunuliwa, lakini kadi ni ile ile, na gemu iliyokuwa ikikimbia sasa inachechemea. Mara nyingi huyu ndiye anayerudi kuniuliza tatizo liko wapi.

Basi nichague vipi?

Kutokana na historia hii yote, haya ndiyo ninayowaambia wanaoniuliza.

Kwanza, taja gemu unayoicheza zaidi, moja au mbili, si zote unazoota kucheza. Tafuta inavyotumia upana: inaongeza pembeni, inakata juu na chini, au inaweka mikanda myeusi? Jibu hilo pekee linaweza kukuokolea pesa nyingi.

Pili, linganisha urefu wa kwenda juu na monita uliyo nayo. Usikubali kushuka. Ukitoka kwenye inchi 19 ya 5:4, usichukue pana iliyo chini ya inchi 24.

Tatu, hesabu pikseli kabla ya kuhesabu inchi, na uiulize kadi yako ya michoro kama inaziweza. Kwa kadi ya kiasi, inchi 24 ya 1920 kwa 1080 bado ni chaguo la heshima.

Nne, ukiwa mtu wa kulenga shabaha, weka pesa kwenye kasi kabla ya upana. Ukiwa dereva au rubani, weka kwenye upana. Ukiwa mtu wa hadithi na mandhari, weka kwenye ubora wa rangi na weusi.

Tano, kama monita hiyo hiyo ndiyo ya kazi mchana, itazame 16:10 ukiipata. Haikufa kabisa. Mwaka 2020 Dell iliirudisha kwenye laptopu yake ya XPS 13, na kampuni nyingine nazo zikaenda njia hiyo. Mwaka 2022 LG ilitoa hata monita ya 16:18, ndefu kwenda juu kuliko upana. Xerox Alto ingecheka.

Kila umbo tulilolipitia leo lilikuja na mtu wake aliyefaidika: mwenye sinema, mtangazaji, mwenye kiwanda. Usiwachukie, wote walikuwa wakitafuta riziki. Lakini na wewe una riziki yako ya kulinda. Ukienda dukani, beba futi ya kupimia na uulize urefu wa kwenda juu. Muuzaji atakushangaa kidogo, kisha atakuheshimu.

Haya, nawatakia michezo mizuri. Tukijaliwa, tutaonana katika makala ijayo.